Mwamba Ulioandikwa Hauna Kitu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sufuria ya maji yanayochemka na kuambiwa nichovye majani. Nilikuwa nimemaliza shule ya serikali huko pwani, mwandiko wangu ukisifiwa na walimu, nami niliingia Bomani Morogoro nikiwa na kalamu mbili mfukoni na imani kwamba Wadachi wameniita kuandika barua za utawala. Mkubwa wangu, ambaye sote tulimwita Bwana Mimea kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukusanya mimea ya milimani na kuipeleka Ulaya, aliniketisha mbele ya mafiga matatu, akanipa koleo la mbao, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula: "Mmea wa mwambani haukubali kufa. Ukiubana mbichi, utaendelea kuota ndani ya karatasi. Kwanza uue kwa maji ya moto, ndipo uukaushe."

Ninawaeleza vijana jambo hili kwa sababu huniuliza kazi yetu ilikuwa nini, na wengi hudhani tulikuwa tukichuma maua. Mmea uliochumwa kwa ajili ya wataalamu huitwa kielelezo. Hutandazwa katikati ya karatasi zinazonyonya maji, mzizi wake na ua lake vikionekana, kisha hubanwa baina ya mbao mbili kwa mikanda. Karatasi hubadilishwa kila asubuhi mpaka mmea ukauke, na katika masika ya Uluguru karatasi zenyewe hazikauki. Mimea ya msituni ilitutii. Ile ya mwambani, yenye majani manene yaliyojaa maji, ilioza, ilichipua, ilitoa maua ndani ya mbao kana kwamba inatudhihaki. Nilitumia mwaka mzima wa ujana wangu nikigombana na majani.

Aliyeileta mimea hiyo kutoka juu ni Kibwana Lukwele, mtu wa upande wa Mgeta, mwembamba, mwenye vidole vilivyopinda kwa kushika mawe. Alishuka magenge kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, kapu likining'inia mgongoni. Kila aliponikuta nikifungua mbao zangu alipaza sauti ili wapagazi wote wasikie.

"Karani! Watoto wako umeshawabadilisha nguo leo?"

"Nenda zako, Kibwana."

"Shule miaka mingapi, kumbe kusomea uyaya wa majani! Mbuzi wangu anakushinda. Yeye akiliona jani anajua la kufanya."

Hata hivyo ni Kibwana aliyenifundisha kuutazama mwamba. Mahali petu pa kazi palikuwa genge kubwa ambalo ukoo wake uliliita Mwambani, na ambalo kwa mtu wa barabarani ni ukuta wa kijivu tu. Kibwana alinifunga kamba kiunoni, akanishusha mpaka kwenye nyufa. Huko niliona kwamba ukuta ule ulikuwa na vijiji vyake. Penye maji yanayochuruzika palikuwa na kangaga za namna nyingi, nyingine ndogo kuliko ukucha. Penye kivuli cha kudumu paliota mmea wenye majani ya manyoya kama sikio la paka na maua ya rangi ya urujuani. Kwenye mteremko wa mawe ulio chini ya genge, unaochomwa na jua, palikuwa na kichaka kinachojikausha mpaka ukadhani kimekufa tangu zamani, kisha mvua ya kwanza ikinyesha kinakuwa kijani kabla ya jua kutua. Udongo uliolisha vyote hivyo haukufika kina cha kidole. Ulishikwa na kuvumwani, ile mimea laini inayotambaa juu ya mawe kama zulia, na mizizi, na mizizi ikashikwa nao.

Niliporudi mezani niliandika kwenye kibandiko cha kila kielelezo mahali hasa kilipotoka: Mwambani, ufa wa magharibi, kimo cha kamba mbili kutoka chini. Bwana Mimea alikichukua kile cha kwanza, akakisoma, akakichana.

"Mahali hapa pako kwenye ramani?"

"Hapana, Bwana. Lakini watu wote wa Mgeta wanapajua."

"Watu wa Mgeta hawatasoma kibandiko hiki. Andika 'Milima ya Uluguru, Morogoro'. Inatosha."

Niliandika hivyo mamia ya mara, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilijua kwamba haitoshi. Milima ya Uluguru humchukua mtu siku kadhaa kuizunguka kwa miguu, na kusema mmea umetoka humo ni sawa na kusema mtu fulani anaishi duniani. Nilinyamaza, maana niliajiriwa kwa ajili ya mwandiko na sikuulizwa maoni.

Bwana Mimea alipohamishwa, aliacha nakala za vielelezo katika ghala la Boma, nami nikakabidhiwa kwa mkubwa wa pili, Bwana Misitu. Huyu alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake, na kipimo chake kilikuwa mti. Kazi yetu mpya ilikuwa kuweka mpaka wa msitu wa serikali. Watu wawili walitangulia na mapanga wakifyeka mkuza, yaani njia nyembamba ya mpaka. Wawili walifuata na mnyororo wa kupimia, wengine wakapanga mafungu ya mawe kuwa alama, na mimi nikaja nyuma na daftari kubwa nikiandika kilichopo ndani na kilichopo nje. Kanuni yake aliisema mara nyingi hata wapagazi wakawa wanaiimba: "Mpaka hufuata mti wa mwisho. Mahali miti inapokoma, msitu umekoma, na kazi yangu imekoma."

Kwa kanuni hiyo tulipita milima yote tukiyaacha nje mawe, magenge na miteremko yenye miamba, mahali ambapo kwa macho yangu palikuwa na mimea isiyopatikana kwingine kokote. Nilijaribu kumwambia habari za ule mmea wa maua ya urujuani. Alinijibu, "Karani, mbao ya urujuani umewahi kuiona?" Wafyekaji wakacheka, nami nikafuata mnyororo.

Tulifika Mwambani asubuhi. Miti ilikoma mbali kidogo na genge, na mkuza ukaanza kupinda kuliacha. Chini ya genge alikuwa ameketi Bi Semeni, mama mkubwa wa Kibwana. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na katika ukoo ule neno la mwisho juu ya Mwambani lilikuwa lake. Kutoka kwenye ule mteremko alichuma dawa za wanawake waliojifungua, na chini yake ilitoka chemchemi iliyonywesha mashamba ya ukoo mzima. Alijua tunakuja. Alikuwa na kikopo cha ugoro mkononi na uso wa mtu asiye na haraka.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekondeana. Majani hayashibishi?"

Bwana Misitu aliuliza mwenyewe, bila kunipitia. "Bibi, pale juu kuna nini?"

"Kuna jiwe."

"Na juu ya jiwe?"

"Jua."

"Kuna mtu analima?"

"Nani alime jiwe, Bwana? Labda huko kwenu."

"Kuna mimea? Dawa? Chochote?"

Bi Semeni alivuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta kwa upande wa kaniki. "Hakuna kitu."

Nilimtazama Kibwana, aliyesimama nyuma ya bibi akichunguza vidole vya miguu yake. Nami niliyekuwa nimeichovya mimea ya mwamba ule katika maji ya moto, mmoja mmoja, nikangoja niandikishwe. Bwana Misitu alifikiri kidogo. Kama hakuna kinachoota na hakuna anayelima, alisema, basi mahali hapo hapana mwenyewe. Akaniandikisha maneno manne: "Mawe matupu. Hakuna mwenyewe." Bi Semeni hakusoma, wala hakujua kwamba jibu lake limezaa jibu la pili. Maneno mawili ya kwanza yalitoka kwake na mawili ya mwisho yalitoka kwa Bwana. Kosa la kuyaandika pamoja bila kufungua kinywa ni langu, na sijapata kulitua kwa mtu mwingine.

Tulipoanza kuondoka, bibi alinishika mkono. "Umenisitiri. Ukimwonyesha mgeni chungu, atauliza na mboga."

Nilifurahi siku ile. Nikiikumbuka furaha hiyo leo, hunichosha kuliko kazi zote nilizopata kufanya.

Msimu uliofuata, watu waliokuwa na nyumba ndani ya mpaka mpya waliamriwa watoke. Akida aliyepewa kazi ya kuwatafutia pa kukaa alikuja ofisini, akafungua daftari langu, akatia alama pembeni kila mahali palipokuwa na maneno "Hakuna mwenyewe". Kaya kadhaa zikapelekwa Mwambani. Wala sisemi kwamba watu hao walikuwa wabaya. Walikuwa watu wa mlima kama sisi, wamenyang'anywa udongo na kupewa jiwe, na mtu aliyepewa jiwe hana budi kulilima. Wakachoma mteremko upande wa mashariki ili wapande mahindi katika majivu. Kile kichaka kilichoweza kufa kwa jua na kufufuka kwa mvua hakikuwa na ujanja wa kujiokoa na jembe. Mvua za kwanza zilipokuja, ule udongo wa kina cha kidole uliteremka wote, ukaingia katika chemchemi ya Bi Semeni, na maji yakawa uji mweusi.

Bibi alikuja Bomani kwa miguu, Kibwana akimfuata. Bwana Misitu alimpa kiti, jambo ambalo hakuwafanyia wengi.

"Bwana, ule mwamba una wenyewe. Ni sisi. Na una vitu vyetu. Wamebakiza upande wa magharibi tu, na mwakani wataufikia."

Bwana Misitu alifungua daftari. "Hapa, wewe mwenyewe ulisema hakuna kitu."

"Nilisema."

"Basi ulinidanganya."

"Nilikuficha, Bwana. Kudanganywa ni kwa mwenye haki ya kujua."

Bwana Misitu alicheka kidogo, akasema jambo la maana: kama Bwana Mimea alikusanya mimea huko, vielelezo vipo ghalani, viletwe, navyo vitashuhudia. Nilikimbia. Sikumbuki kukimbia vile tena katika maisha yangu ya kazi. Nilileta mafurushi yote ya mwambani, nikayapanga mezani, kangaga, urujuani, kichaka kikavu, na Bi Semeni akawa anavigusa kwa kidole na kusema, "Huyu ni wetu. Na huyu." Bwana Misitu akasoma vibandiko, kimoja baada ya kingine, akiviweka kando.

"Milima ya Uluguru, Morogoro. Milima ya Uluguru, Morogoro." Aliinua ule wa urujuani. "Huu unaweza kuwa umeota nyuma ya nyumba yangu. Mwandiko wa nani?"

"Wangu, Bwana."

"Mzuri sana," akasema, na naamini hakukusudia kunikejeli. Kisha akafunga daftari. "Nimelitia sahihi. Daftari lenye sahihi halibadilishwi kwa kumbukumbu ya karani na hasira za bibi."

Kibwana, mtu wa mizaha, alimshika bibi mkono akamwinua kitini. Walipofika mlangoni Bi Semeni aligeuka akanitazama, nami nikajifanya napanga karatasi.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipofika kwetu, Wadachi walihama Morogoro kwa haraka. Walichoma baadhi ya karatasi, wakachukua nyingine, lakini daftari la misitu waliliacha rafuni, maana nani abebe orodha ya miti vitani? Nikabaki na ufunguo, kalamu, na ofisi isiyo na mkubwa. Jambo la kwanza nililowaza ni ukurasa wa Mwambani. Ningeweza kufuta maneno manne na kuandika mengine, na mkubwa yeyote atakayekuja angeyakuta. Lakini niliwahi kuandika kuhusu mwamba wa watu bila wao kujua, na nilikwisha kuona matunda yake. Nikalifunga daftari katika mkeka, nikapanda Mgeta.

Bi Semeni alinisikiliza mpaka mwisho. "Utaandikaje?"

"Kwamba kuna mimea adimu, bibi. Upande wa magharibi uingizwe katika msitu wa serikali, asilime mtu."

"Na sisi?"

Ilinibidi nimwambie. Ndani ya msitu wa serikali, mtu haruhusiwi kuchuma hata ukuni bila ruhusa.

"Nisikilize, Karani," alisema, na hakuniita mjukuu. "Ukiandika hakuna kitu, mnawapa watu walime. Ukiandika kuna kitu, mnatutoa sisi. Hiyo shule yako ilikufundisha maneno mawili tu?"

Nami nilikuwa nimechoka kwa njia na kwa aibu, nikasahau adabu. "Bibi, siku ile ungesema kweli, tusingefika hapa!"

"Siku ile ningesema kweli, ningelia mapema zaidi. Hiyo ndiyo tofauti yake." Akasimama akijishika kiuno. "Kibwana, lete kamba. Huyu aandike vizuri, si kama vile vibandiko vyake vya 'Milima ya Uluguru'."

Siku mbili tulizunguka Mwambani. Kibwana alishuka na kupiga kelele kutoka nyufani akitaja anachokiona. Bibi, akiwa chini, alitaja jina lake, nani katika ukoo huruhusiwa kukichuma, kwa mwezi gani, na kiasi gani huachwa. Mimi niliandika pamoja na kimo na upande. Walibishana kila hatua.

"Hicho hakichumwi na mwanamume!"

"Mama, mimi nimekichuma miaka yote hii!"

"Ndiyo maana huna mke."

Upande wa mashariki tulipita kimya. Bibi alinitaka niandike na vile ambavyo havikuwepo tena, kila kimoja mahali pake. Ule wa maua ya urujuani tuliukuta magharibi, katika ufa mmoja wenye kivuli, vishina vichache. Jioni ya siku ya pili nilikata maneno yangu manne kwa mstari, nikaandika juu yake: "Mwamba. Una mimea. Una wenyewe." Orodha yote ikafuata.

Bwana Misitu wa Waingereza alipokuja, na mkalimani pembeni, aliuona ukurasa huo siku ya tatu, kwa kuwa wino wake ulikuwa tofauti. Aliniita.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakukuwa na mtu wa kuruhusu, Bwana."

Hakuwa mkali. Alikuwa anataabika, kama mtu aliyepewa hesabu yenye majibu mawili. Alieleza kwamba ikiwa mwamba una mimea ya kulindwa, basi ni msitu wa serikali na hauna wenyewe. Ikiwa una wenyewe, basi si msitu na serikali haiulindi. Mistari yangu ilikuwa ikigombana. Akachukua kifutio, akaniuliza kwa upole, "Nifute upi?"

Nilikuwa nimewatumikia wakubwa watatu, nikieleza jambo lile lile kwa adabu ile ile. Nilihisi kuchoka kote kukikutana mahali pamoja. Nikaweka ufunguo mezani.

"Futa jina la karani," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kabla ya nywele zangu kuota mvi. Niliowaacha ofisini waliniambia baadaye kwamba yule Bwana hakufuta kitu. Aliuzungushia ukurasa mstari wa penseli, akaweka alama ya kuuliza, akamwachia atakayemfuata. Aliyemfuata akaikuta alama, akaogopa kugawa mahali penye swali, naye akaiacha kwa mwenzake. Wale waliopelekwa mashariki walihama wenyewe. Baada ya mavuno machache hapakuwa na cha kulima. Nilipita huko juzi juzi. Mawe ni matupu kweli, kama nilivyoandika zamani ilipokuwa si kweli.

Vijana waliosoma kunizidi huja kuniuliza ni hekima gani iliyouhifadhi upande wa magharibi. Hutaka niseme mila, au sheria. Inanichukiza kuwavunja moyo, lakini wameniuliza mimi niliyekuwepo: umehifadhiwa na maofisa walioogopa kujibu. Sitawashauri watu kuhifadhi milima kwa njia hiyo. Ninachowashauri ni kuandika mahali hasa, na jina la mwenye mahali, hata kama kibandiko ni kidogo na mkubwa ana haraka.

Bi Semeni nilimpelekea habari mwaka ule ule nilioacha kazi. Nilimweleza kwamba hatukushinda wala hatukushindwa, ila pamewekwa alama.

"Alama gani?"

Nilichukua kijiti, nikaichora mchangani mbele ya miguu yake. Aliitazama, kichwa kikielekea upande.

"Inasemaje?"

"Inasema hawajui, bibi."

Akavuta ugoro wake taratibu. "Basi," akasema, "leo ndiyo wameandika kweli."